Ratiba ya Pili: Shabiki wa Kilosa na Mikumi Kati ya Kazi, Mapenzi na Televisheni

Shabiki wa mpira wa Kilosa au Mikumi huishi kwa ratiba mbili. Ya kwanza ni ya kazi: zamu ya kiwandani, hesabu ya pikipiki ya tajiri, palizi ya mpunga, wageni wa kupeleka hifadhini. Ya pili hupangwa mbali naye. Bodi ya Ligi huipanga Dar es Salaam, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, huipanga Cairo, wenye ligi za Ulaya huipanga kwao, na televisheni humfikishia hadi mlangoni. Katikati ya ratiba hizo yapo mapenzi, ambayo hayana saa maalumu na kwa sababu hiyo huumia kwanza. Wazee wakizungumzia ushabiki, mara nyingi huishia kusema kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Lawama hiyo hailengi penyewe. Muda ndio mtaji mkubwa wa kijana wa mji mdogo, na la kuuliza ni nani anayempangia muda huo.

Miji miwili ya wapita njia

Kilosa ni mji wa reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Njiani ilifuata bonde la Mkondoa, walikopita wapagazi wa misafara ya karne ya 19. Hapo Kilosa ndipo linapochepuka tawi la reli linalokwenda Kidatu kupitia Mikumi. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na majirani zake yaliwavuta manamba kutoka pande nyingi za nchi, wakachanganyika na wenyeji Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma ikipitia Kilosa, na shabiki mwenye nauli anaweza kuwaza kwenda kuiona timu yake kwa macho bila kuaga kazini kwa siku tatu.

Mikumi ni mji wa barabara. Barabara ya TANZAM, itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50 kabla ya kufika mjini. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Mjini njia hugawanyika: moja huendelea kuelekea Iringa, nyingine hukata kwenda Kidatu na Ifakara, kwenye nchi ya miwa. Kiwanda cha Ruembe cha Kampuni ya Sukari Kilombero kiko upande wa wilaya ya Kilosa, na vijana wengi wa maeneo hayo huishi kwa msimu wake.

Kwa hiyo miji yote miwili imezoea wageni: dereva wa lori aliyelala njiani, kibarua wa msimu, mwalimu aliyehamishiwa, askari wa hifadhi, fundi wa reli. Watu wa namna hii huhitaji jambo la kuzungumza na mtu kabla hawajajua jina lake. Mpira umewapa jambo hilo.

Kutoka redio hadi king'amuzi

Kabla ya televisheni kulikuwa na redio. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994, ITV ilipoingia hewani. Kwa kizazi kizima, mpira wa Dar es Salaam ulifika Kilosa kwa masikio, kupitia watangazaji wa Redio Tanzania kama Charles Hilary na Ahmed Jongo. Simba ilipofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974, mashabiki wake wa mikoani waliijua mechi kwa kusimuliwa. Ushabiki wa redio ulikuwa na faida moja kubwa kwa mtu mwenye kazi: uliacha mikono huru. Fundi cherehani alishona, dereva aliendesha, mkulima alitundika redio kwenye tawi la mwembe akaendelea na jembe. Televisheni inataka macho, na macho yakienda, mikono husimama.

Baadaye kikaja kibanda umiza. Kibanda cha kawaida ni chumba cha matofali ya kuchoma au mabati, madirisha yamezibwa kwa turubai ili mwanga usiingie. Ndani kuna mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, na mbele televisheni mbili: moja ya mechi ya hapa nyumbani, nyingine ya Ulaya, ila sauti hufunguliwa kwa ile yenye watu wengi. Mlangoni hukaa kijana mwenye sarafu mkononi, na nje huegeshwa ubao ulioandikwa kwa chaki: timu kwa majina yake ya mtaani, Liva, Asenali, Chama la Wana, na kando yake saa na kiingilio. Shilingi mia tano hutosha kwa mechi ya kawaida, dabi ya Simba na Yanga hupanda. Umeme ukikatika dakika ya sitini, sauti ya kwanza kusikika gizani ni ya anayedai arudishiwe hela yake, ya pili ni ya anayeulizia jenereta. Na hao wanaokaa gizani hawako mbali na bwawa la Kidatu, ambalo mitambo yake ya megawati 204 imekuwa ikilisha gridi ya taifa tangu miaka ya 1970.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja na Azam TV, iliyoanza kurusha matangazo mwishoni mwa 2013 ikiwa na haki za kuonyesha Ligi Kuu. Mwaka 2021 kampuni hiyo na Shirikisho la Soka Tanzania zilisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zimezipa klabu ndogo uhai, lakini zimekuja na sharti lisiloandikwa: mechi zisigongane, kila moja ipate wakati wake wa kuonwa. Ligi iliyokuwa ikichezwa mwishoni mwa wiki saa kumi jioni imesambaa katika wiki nzima, na viwanja vilipopata taa ikaingia usiku. King'amuzi nacho kimeushusha mpira kutoka kibandani hadi sebuleni, na simu yenye bando imeuingiza mfukoni. Zamani shabiki aliufuata mpira. Leo unamfuata mpaka lindoni.

Saa za mpira na saa za kazi

Ugumu wa ratiba hii ya pili unaonekana mtu akiihesabu kwa saa za Mikumi. Mechi za Jumamosi alasiri za Ligi Kuu ya Uingereza huanza saa tisa kwa saa za huko. Waingereza wakiwa kwenye saa zao za kiangazi, Mikumi ni saa kumi na moja jioni. Wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, ni saa kumi na mbili. Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa nne usiku, na wakati wa baridi yao saa tano. Mechi ya saa tano huisha karibu saa saba usiku, ikiingia dakika za nyongeza na penalti hugusa saa nane. Mkata miwa anayetakiwa shambani alfajiri hubakiwa na usingizi wa saa tatu. Na kwa kuwa wakata miwa hulipwa kwa kadiri walivyokata, deni la usingizi hulipwa na panga: mistari inapungua, na mwisho wa wiki bahasha nayo inapungua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Shabiki anayetazama mechi sita kati ya Ijumaa na Jumapili, kila moja ikila saa mbili pamoja na mapumziko, ametumia saa 12, zaidi ya robo ya wiki ya kazi. Hapo bado mabishano ya kijiweni, vipindi vya michezo vya redio vya asubuhi, na vichwa vya habari vya Mwanaspoti vinavyosomwa kwa kusimama kwenye meza ya muuza magazeti.

Hata hivyo si kila kazi inaumia kwa namna moja. Mtumishi wa ofisi ya serikali anayefunga saa tisa na nusu alasiri huiwahi mechi ya saa kumi bila kumwibia mwajiri dakika. Bodaboda yuko kwenye hali ya kati: dabi ikianza abiria hutoweka, lakini kipenga cha mwisho kikilia hutoka wote kwa mpigo. Bodaboda mzoefu hutoka kibandani dakika ya 85, akawasha pikipiki na kuielekeza barabarani, akaridhika kulisikia bao la mwisho kwa makelele. Amekosa dakika tano, amepata hesabu ya tajiri. Mlinzi wa usiku huweka simu juu ya magoti na kupunguza mwanga. Mama lishe na muuza chipsi wa mlangoni mwa kibanda hawaoni hata bao moja, lakini mechi kwao ni gulio. Mtu anayesema mpira unaua kazi amewasahau hao, ambao wengi wao ni wanawake.

Majira ya mwaka nayo huingiliana na msimu wa soka. Ligi za Ulaya hufika ukingoni Aprili na Mei, wakati wa masika. Mikumi huwa na wageni wachache, kwa hiyo mwongoza watalii ana muda wa kutazama kila mechi ila mfuko mtupu. Kilosa huohuo ndio wakati mpunga unataka mtu shambani. Ligi hufunguliwa Agosti, mavuno yakiwa yameshauzwa na watu wakiwa na pesa za jezi. Simba imeifanya Agosti 8, sikukuu ya wakulima ya Nane Nane, kuwa Simba Day kwa desturi iliyoanza 2009, ingawa miaka mingine tarehe husogezwa, na Yanga nao wana Wiki ya Mwananchi. Klabu zinajua vizuri ni lini mkulima ana fedha.

Ratiba isiyo ya kwako ina hatari nyingine: inaweza kubadilishwa bila kuulizwa. Tarehe 8 Machi 2025 dabi ya Simba na Yanga iliahirishwa siku yenyewe ya mchezo, baada ya mzozo uliotokana na Simba kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Waliokwishapanda mabasi kutoka mikoani, waliobadilishana zamu, wenye vibanda walionunua mafuta ya jenereta, wote walibaki na gharama zao. Mechi hiyo ilichezwa Jumatano ya Juni 25, Yanga ikashinda 2-0, na hiyo Jumatano ilikuwa siku ya kazi.

Utani wa kujichagulia

Faida ya ushabiki kazini ni utani. Katika sehemu kubwa ya Tanzania utani ni taasisi yenye kanuni: makabila yaliyowahi kupigana au kusafiri pamoja yaliachiana ruhusa ya kutukanana bila kukasirika, na wajibu wa kusaidiana kwenye msiba. Kwenye njia za misafara na baadaye kwenye kambi za mkonge, ambako watu wa makabila mengi walilala pamoja, utani ulizuia ugomvi. Ila ulikuwa na mpaka: mtu huzaliwa nao, na asiye na mtani mahali alipo hubaki mpweke.

Simba na Yanga, watani wa jadi, wamelifuta sharti hilo la kuzaliwa. Yanga ilianzishwa 1935, na Simba mwaka uliofuata. Simba ilikuwa ikiitwa Sunderland hadi 1971. Kibarua aliyeshuka treni Kilosa jana anaweza kupata watani nusu ya mji leo kwa kutaja tu timu yake. Jumatatu ya Novemba 6, 2023, siku moja baada ya Yanga kuifunga Simba 5-1, ilitosha kumwonyesha mtu vidole vitano bila kusema neno. Wenye kumbukumbu wa upande wa Simba wakajibu kwa Mei 6, 2012, Simba ilipoifunga Yanga 5-0. Wa Simba ataitwa Kolo, wa Yanga Utopolo, na bosi atataniwa na mfagizi bila mtu kuitwa ofisini. Mahali pa kazi penye ngazi nyingi za vyeo, hiyo ni hewa safi.

Matawi ya klabu hizo yamebeba pia upande wa pili wa utani wa zamani. Bendera iliyochanika juu ya nguzo ya kijiwe huashiria kikundi kinachochangishana mwenzao akifiwa, akilazwa au akioa. Kwa mtu ambaye ndugu zake wako Kigoma au Songea, tawi ni ukoo wa karibu. Utani wa mpira huharibika pale tu unapokosa mpaka uliokuwemo kwenye ule wa jadi: mtani humcheka mtani mwenzake kwa kufungwa, hamcheki kwa kufiwa wala kwa kukosa hela.

Mtoko wa Jumamosi

Kwenye mapenzi hesabu ni ngumu zaidi. Kijana wa kiwandani na binti wa saluni au dukani hupata muda wa pamoja Jumamosi jioni na Jumapili, saa zilezile ambazo televisheni imezijaza. Kibandani si mahali pa kumpeleka. Pamejaa wanaume, benchi ni bega kwa bega, na lugha ikichemka haina staha mbele ya mtoto wa watu. Mwanamke anayeingia peke yake huangaliwa kuliko mechi.

Ndiyo maana mtoko wa shabiki huishia baa au mgahawa wenye skrini. Mhudumu analeta chipsi kuku na soda mbili, naye kijana ameshakichagua kiti kinachotazama ukuta wenye televisheni, mwenzake akabaki anatazama barabara ya TANZAM na malori yake. Mazungumzo yanakatwa na kila kona na kila mpira wa adhabu. Binti wa Mikumi haihitaji hotuba kumjua mchumba wa namna hiyo. Humpigia simu dakika ya sabini akaona kama itapokewa. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na hapo linaloponyoka huwa na sababu ya kutorudi.

Mapenzi ya sasa pia yana gharama ndogondogo zinazogombea shilingi moja na mpira: bando, vocha, hela ya kusuka, hela ya kutumiwa pamoja na ya kutolea. Kijana anayelipa kiingilio cha kibanda mara nne kwa wiki na kununua bando la kufuatia matokeo huku akimwambia mchumba kwamba mwezi huu hali ni mbaya, amesema ukweli nusu. Hali ni mbaya kwa sababu imegawanywa.

Mambo yakifika kwenye posa, ushabiki hukutana na watu wazima. Kwa Wakaguru na Wasagara, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa katika ndoa ya mpwa wake. Mjomba wa Yanga anayepokea barua ya kijana wa Simba atamtania hadi jasho limtoke, kisha atauliza linalomhusu: anafanya kazi gani na huamka saa ngapi. Swali la pili lina maana kuliko linavyosikika. Kwenye harusi yenyewe mshereheshaji hatakosa mzaha wa rangi nyekundu na kijani, na kamati yenye busara huitazama ratiba ya ligi kabla ya kuchapisha kadi, maana ukumbi unaweza kubaki na wapishi na bibi harusi.

Lakini upande huu unabadilika, na king'amuzi kina sehemu yake. Mechi ilipoingia sebuleni, wanawake walioachwa nje ya kibanda walipata kiti. Wengi waliokuwa mashabiki kwa kumfuata kaka au baba sasa wanajua kikosi kuliko wao. Mpira wa wanawake umeongeza uzito: Simba Queens walitwaa ubingwa wa ukanda wa CECAFA mwaka 2022, wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake nchini Morocco mwaka huohuo. Wapenzi wanaotazama pamoja, hata kila mmoja akiwa na timu yake, wamepata utani wa ndani ya nyumba, na ugomvi wa saa za kurudi umepungua kwa sababu hakuna aliyetoka.

Mkeka

Kamari imeingia katika habari hii yote. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, lakini kubeti kwa simu ndiko kulikoufikisha mchezo huo hadi kijiji kisicho na duka la kampuni yoyote. Mwaka 2017 kampuni moja ya kubashiri, SportPesa, iliwadhamini Simba na Yanga kwa pamoja, na tangu hapo mtoto anayenunuliwa jezi amezoea kuona jina la kampuni ya kamari kifuani mwa mchezaji anayempenda, ingawa sheria haimruhusu kubeti kabla ya miaka 18.

Hesabu ya mkeka, yaani tiketi moja ya kubashiri mechi nyingi kwa pamoja, inafaa kufanywa hadharani, kwa sababu wanaobeti wengi hawajawahi kuifanya. Tuseme kijana anachagua timu kumi zinazopewa nafasi kubwa, kila moja kwa odi ya 1.5. Akiweka shilingi 1,000, mkeka unamwahidi zaidi ya shilingi 57,000. Odi ya 1.5 maana yake, kama kampuni isingejiwekea faida yoyote, ni timu inayotarajiwa kushinda mara mbili katika kila mechi tatu. Zote kumi kushinda siku moja ni chini ya mara mbili katika mara mia. Na kampuni hujiwekea faida. Ikijiachia asilimia 5 tu kwa kila mechi, faida hiyo hujirudia mara kumi ndani ya mkeka mmoja, na kati ya kila shilingi 100 zinazowekwa, takriban 60 ndizo zinazotarajiwa kurudi kwa wabeti kwa ujumla. Mkeka mrefu unaopendwa kwa ahadi yake kubwa ndio wenye hasara kubwa zaidi.

Mkeka hubadilisha pia namna ya kutazama. Mtu aliyekuwa na timu moja sasa ana timu kumi, nyingine za ligi za daraja la pili za nchi asizoweza kuzionyesha kwenye ramani, na usiku wa Jumanne ambao zamani alilala anausubiri kwa simu. Mkeka ukichanika kwa timu moja tu, huhesabu kwamba amekosa kidogo, kumbe amekosa kama aliyekosa zote. Hesabu ya tajiri wa pikipiki, hela ya mbolea, hata sehemu ya mahari iliyokusanywa kwa miezi, zimepotea kwa njia hiyo, kidogokidogo, bila siku moja ya kuionyesha kidole. Mpenzi humsamehe mwenzake kwa kuchelewa kwa sababu ya dabi. Fedha ya posa iliyoishia kwenye mkeka haina maelezo.

Ratiba irudi kwa mwenyewe

Mpira wa televisheni umewapa watu wa Kilosa na Mikumi utani unaowakusanya wageni na wenyeji, soko la jioni kwa mama lishe na bodaboda, na mazungumzo yasiyo na cheo. Hasara nyingi zinazosemwa ni za ushabiki zinatokana na mambo mawili yaliyoambatanishwa nao: usiku mrefu na kamari. Hayo mawili yanaweza kutenganishwa na mchezo wenyewe bila kumnyang'anya mtu timu yake.

Mwajiri anaweza kuanza. Tarehe za dabi hutangazwa mapema, na msimamizi anayeruhusu wafanyakazi wabadilishane zamu kwa maandishi hupata watu kamili. Anayekataza hupata wagonjwa wengi wa ghafla. Halmashauri nayo ikitazame kibanda umiza kama ukumbi wa watu. Kinahitaji milango miwili inayofunguka kwa nje, madirisha, choo, mabenchi yaliyotengwa kwa wanawake na familia, na saa ambayo wanafunzi hawaruhusiwi kubaki. Wakala wa kubeti asiwe ndani ya chumba hichohicho, kwa sababu anayetazama mechi akiwa na hasira ya kufungwa ndiye mteja rahisi kuliko wote.

Klabu na vituo vya televisheni vinadaiwa jambo gumu zaidi, yaani kuheshimu siku ya kazi ya mtazamaji wa mkoani. Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zimepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda, kwa saa zetu wenyewe. Hiyo ni nafasi ya kuonyesha kwamba mechi kubwa inaweza kupangwa ili mtu aione na bado aamke. Ngazi ya chini nayo ina la kufanya: wilayani kuna mechi za ndondo za vijiji zinazochezwa saa kumi jioni mbele ya watu wachache, kwa kuwa wengine wako kibandani. Wenye vibanda na viongozi wa vijiji wanaweza kukubaliana kuiachia ndondo saa hiyo, halafu mechi ya usiku ifuate. Mtazamaji wa ndondo hukaa pembeni ya uwanja pamoja na mchumba wake, hewani, bila kiingilio.

Yanayobaki ni ya shabiki mwenyewe. Achague mechi zake za wiki kabla wiki haijaanza, na nyingine azisome matokeo asubuhi kama baba yake alivyosoma gazeti. Hela ya mpira aiweke mbali na hela ya kazi na hela ya nyumba, na mkeka, kama hawezi kuuacha, uwe mfupi na utoke kwenye hela ya starehe. Mchumba naye apewe tarehe isiyohama hata Yanga na Simba zikipangwa siku hiyo. Anayeweza kufanya hayo matatu anaweza kuipenda timu yake maisha yake yote, na hakuna mjomba atakayekuwa na sababu ya kumkatalia.